Nani ana haki ya kuandika hadithi ya muji yetu?

Maneno yenye yalisemwa mbele ya vijana na wakaaji wa kartie Bel-Air, komini ya Kampemba, Lubumbashi



Mulinialika niseme juu ya kazi ya kuandika hadithi. Niko na diploma ya lettres, niko na miaka mbili sina kazi, na kila siku courant ikirudi ninaandika. Wengine wanasema: huyu anaandika juu hana kitu ya kufanya. Wakati, kweli, niko nayo mingi. Lakini leo nataka tuelewane kitu kimoja: mu Lubumbashi hadithi si mchezo. Muji huu umekwisha kuona hadithi ikifukuza watu mu manyumba yao. Kwa hiyo mutu mwenye anashika kalamu hapa, hata kama hajalipwa, anashika kitu yenye inaweza kuunguza.

Maulizo ya kwanza yenye watu wananiuliza wakisikia kama ninaandika si «unaandika nini?». Ni «wewe uko wa wapi?». Baba yangu alizaliwa Mbuji-Mayi, mama yangu ni wa Kasenga, mimi nilizaliwa hapa. Nikitoa jibu hilo, naona mu macho ya mutu kama amekwisha kusoma kitabu changu chote, mbele sijamaliza hata ukurasa wa kwanza. Njo maana nimechagua kusema juu ya hiyo: mwandishi mu muji yenye imegawanyika, na juu ya nini ile migawanyiko inatuhusu sisi vijana.

Tuanze mbali kidogo. Muji huu ulianza mwaka 1910, jina yake Élisabethville, na tangu mwanzo ulipangwa kwa rangi ya ngozi. Wazungu upande wao, watu weusi upande wao, na katikati nafasi tupu yenye iliachwa makusudi. Kamalondo yetu ya leo iliitwa quartier Albert. Mutu mweusi kutembea usiku mu muji wa wazungu, ilikuwa lazima akuwe na ruhusa ya kuandikwa. Na mweusi mwenye alilala kule, alilala mu kanyumba ya nyuma, mu boyerie. Munajua neno hilo, juu hata leo wengi wetu tunalipa nyumba mu boyerie. Ukoloni ulienda, kanyumba ilibakia.

Mu muji kama ule, nani alikuwa na ruhusa ya kuandika? Wazungu waliandika juu yetu mingi. Sisi tulipewa nafasi ndogo, na juu ya ile nafasi mulikuwa mulinzi. Mwaka 1945 serikali ya koloni ilianzisha kule Léopoldville gazeti La Voix du Congolais, kwa watu weusi wenye walisoma, na serikali yenyewe ililichunga. Mu mwaka ule ule, Paul Lomami-Tshibamba aliandika mule makala yenye iliuliza nafasi yetu itakuwa gani mu dunia ya kesho. Maulizo tu. Walimuita, wakamuhoji, wakamupiga fimbo. Mwaka 1948 yeye njo akatoa Ngando, hadithi ya mamba, mutoto na ulimwengu wenye hatuuone, na kitabu kile kikapata zawadi kule Bruxelles. Muangalie vile iko: alipouliza waziwazi, fimbo, alipotunga hadithi, zawadi. Pengine wazungu waliona mule mambo ya kiafrika ya kuwafurahisha tu. Lakini yeye alikuwa anajua nini anafanya. Nyuma yake akavuka muto, akaenda kufanya kazi ya gazeti kule Brazzaville.

Na wale wenye hawakusoma? Wao pia walikuwa na hadithi zao. Mu kambi za Union Minière na mu sité, watu walisimuliana juu ya batumbula: watu weusi wenye walitumwa na wazungu kukamata mutu usiku, kumupeleka kusikojulikana, na wazungu wanamukula. Mukiuliza wazee, bado wanaijua. Wazungu walicheka, wakasema ni ujinga. Mimi, kama mwandishi, sicheki. Hakuna mutu ataniletea mifupa, sawa. Lakini wenye waliisimulia walikuwa wanasema kitu ya kweli kwa njia ya hadithi: muji huu unachukua mwili wa mutu mweusi, unamutia mu shimo na mu moto wa shaba, na mwingine njo anashiba.

Tena kuna mutu mumoja mwenye ningependa kila kijana wa Bel-Air ajue jina lake: André Yav. Mwaka 1965 aliandika historia ya muji huu kwa ajili ya chama cha wale wenye walifanya kazi ya boyi mu manyumba ya wazungu. Aliandika kwa mashini, mu Kiswahili chetu, hiki hiki cha Lubumbashi chenye watu wa Dar es Salaam wanacheka. Kinaitwa Vocabulaire. Kilibakia karatasi zenye watu wachache waliziona, mupaka Johannes Fabian, mwalimu mumoja wa iniversite, akakitoa kitabu mwaka 1990 kule ngambo. Fikirini: watu wa boyerie, wenye walionekana kama viti na meza, kumbe walikuwa wanasikia kila kitu, na wakaandika. Hakuna mutu aliwapa haki. Waliichukua.

Sasa tuje ku jambo ngumu. Ile mustari ya rangi, wazungu walipoenda, haikufutika. Iliingia ndani yetu, ikabadilisha jina. Ikakuwa: huyu ni mwenye udongo, huyu ni mwenye kukuya.

Union Minière ilitafuta wafanyakazi mu Kasai, mu Rhodesia ya Kaskazini, mu Ruanda-Urundi. Iliwaleta, ikawaweka mu kambi pamoja na watu wa hapa, ikapanga nani apate kazi gani. Mu uchaguzi wa komini wa mwisho wa 1957, wengi kati ya babourgmestre weusi wa Élisabethville walikuwa wa asili ya Kasai. Watu wa Katanga wakauliza: sisi tuko wapi mu muji wetu? Mwaka 1958 CONAKAT ikazaliwa. Tarehe 11 Julai 1960 secession, yenye iliendelea mupaka Januari 1963. Mwaka 1961, makumi ya maelfu ya Baluba, wa Kasai na wa Katanga, waliacha manyumba yao hapa mu muji wakakimbilia kambi chini ya ulinzi wa ONU. Nyuma ya miaka makumi tatu, mu 1992 na 1993, ikarudia: Likasi, Kolwezi, mamia ya maelfu ya watu wa asili ya Kasai walifukuzwa, wakalala ku magare kungoja treni, na mingi walikufa mu njia. Waliitwa bilulu. Ni kusema wadudu.

Tusimame ku neno hilo. Mbele ya kumutoa jirani mu nyumba yake, ilikuwa lazima kwanza kumutoa mu hesabu ya watu. Kazi hiyo haikufanywa na fimbo. Ilifanywa na maneno: neno moja, wimbo mumoja, hadithi moja yenye ilizunguka ku soko. Kuna mutu, siku moja, alitunga.

Na nisiseme upande mumoja tu, juu mutu mwenye anasema upande mumoja anaandaa mwengine. Ile maulizo ya watu wa Katanga, «nani anakula shaba yetu?», ni maulizo ya kweli. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines walitolewa ku kazi na ile mupango yenye iliitwa départ volontaire, na mu wale walikuwa watu wa makabila yote. Leo lori za shaba na cobalt zinapita ku macho yetu, na kijana mwenye diploma anauza unités mu njia. Mwenye hasira hiyo si mubaya. Ubaya unaanza pale mutu anakuya kumwambia: mwizi wako ni ule mwenye jina ya namna hii, anaishi parseli ya pili.

Mu wakati wa uchaguzi mumoja, mutu alinifikia. Simutaji. Alisikia kama ninajua kutunga. Alitaka audio ya dakika tatu, ya kutuma mu WhatsApp, mu Kiswahili cha hapa: mama analia, anasimulia vile majirani wa kabila fulani walimutia mutoto wake sumu mu chakula. «Utaweka vitu vya kweli-kweli», akasema, «sahani, rangi ya kikwembe, jina ya avenyu.» Bei ilikuwa dola makumi tano. Mu nyumba siku ile unga ya bukari ilikuwa imebakia kidogo. Nilikataa. Nyuma ya siku chache, audio ya namna ile ile ikaingia mu telefone yangu, na sauti ya mama analia, na rangi ya kikwembe ndani yake. Walipata mwengine. Kabila gani? Siseme, juu nikisema tu, wengine hapa watatoka na ile habari, na kazi ya ule mutu nitakuwa nimeimaliza mimi, tena bure.

Lakini ile siku nilielewa kitu: vyombo vyake na vyombo vyangu ni vimoja. Sahani, kikwembe, sauti, avenyu. Mwandishi wa hadithi na mutunga uongo wanasoma masomo moja. Tofauti iko wapi?

Ya kwanza: mwandishi wa hadithi anatia jina lake ku jalada na anakwambia: hii nimetunga. Ule mwengine anaficha jina, anakwambia: hii ni kweli, mimi mwenyewe nilikuwapo.

Ya pili: mu hadithi, mutu ni mumoja. Ako na deni, ako na muguu yenye inamuuma, anapenda munkoyo, anaogopa mwenye nyumba. Mu uongo, mutu anapotea, anabakia «wao». Wao wanafanya hivi. Wao ni vile. Mukisikia audio yenye «wao» iko mingi kuliko majina, mujue.

Ya tatu: hadithi nzuri inakuacha na maulizo. Uongo unakuacha na agizo: tuma kwa watu kumi, usikubali, ufukuze.

Nimewapa hizo tatu makusudi. Si kwa waandishi tu. Ni kipimo chenye mama wa soko anaweza kutumia mbele ya kufinya ile kidude ya kutuma.

Wakubwa wetu mu kazi hii walifanya namna gani? V. Y. Mudimbe, mwenye alizaliwa Likasi mwaka 1941 na akafundisha hapa Lubumbashi, aliandika Entre les eaux, Le Bel Immonde, L'Écart: watu wenye wako katikati, padiri kati ya kanisa na maquis, mwanamuke kati ya waziri na watu wake. Yeye mwenyewe akaondoka kule mwanzo wa miaka ya 80, na mwaka 2025 akafia mu Marekani. Fiston Mwanza Mujila, mutoto wa Lubumbashi wa 1981, aliandika Tram 83 yenye ilitoka mwaka 2014: muji yenye hana jina la kweli, inaitwa tu Ville-Pays, na mule Lucien, mwandishi, anajaribu kuandika ndani ya nganda kati ya wachimbaji, wanafunzi na wageni. Kitabu kimesomwa dunia muzima. Kimeandikwa Graz, mu Autriche. Sinzo Aanza, yeye wa Goma, mu Généalogie d'une banalité ya 2015 aliweka hapa kwetu watu wenye wanachimba shaba chini ya manyumba yao wenyewe. Na troupe Mufwankolo ilicheza miaka mingi ku radio na ku televisheni, mu Kiswahili, na muji wote, Katanga na Kasai, ukacheka kitu kimoja saa moja.

Ninaheshimu wote. Lakini ninaona kitu: wengi wenye wanaandika mambo yetu kwa uhuru wanaandikia mbali. Mutu akiwa Graz, hakuna jirani atamugongea mulango kumuuliza juu ya nini mwizi wa mu kitabu ako na jina la kabila yake. Sisi wenye tunabakia Bel-Air, njo maulizo ya kila siku. Nikimupa mutu mubaya wa hadithi jina Kabeya, watasema nimetukana Kasai. Nikimupa jina la Kibemba, watasema damu ya baba inanituma. Mwengine akanipa shauri: usiweke majina. Sikulifuata. Juu muji bila majina ni sawa muji bila watu, na mu taabu zetu zote kazi ya kufuta majina imekwisha kufanywa sana.

Nimepata mulango mumoja mudogo. Kuna majina kama Ilunga. Ilunga wako kwa Baluba wa Katanga, Ilunga wako kwa Baluba wa Kasai. Ukisikia tu Ilunga, hauwezi kujua umupende ao umuchukie. Lazima ungoje, usikie anasema nini, anafanya nini. Mu hadithi zangu Ilunga ni mingi. Musomaji akiniuliza «huyu ni wa wapi?», ninamujibu: endelea kusoma.

Mulango wa pili ni lugha. Français ni ya diploma, siikatai, nimeandika nayo. Lakini Kiswahili cha hapa hakina village. Kilitoka mashariki, kikaingia na biashara, na kazi ya kampuni, na misheni. Hakuna chefu wa Katanga wala wa Kasai anaweza kusema ni chake peke yake. Mutoto wa Mukasai na mutoto wa Musanga wakigombana mu njia, wanagombana mu Kiswahili, na wakisameheana, ni mu Kiswahili. Hakuna kitu ingine mu muji huu yenye ni yetu wote namna ile.

Watu wanasema: mwandishi awe sauti ya watu wake. Sawa, lakini watu wangu ni nani? Nikikuwa musemaji wa kabila ya baba, nimemufukuza mama mu kitabu. Lomami-Tshibamba walitaka akuwe mweusi muzuri wa serikali. Leo wanataka tukuwe Mukatanga muzuri ao Mukasai muzuri. Ni gereza ile ile, rangi ya ukuta njo wamebadilisha. Na mutu asinidanganye kama ni mambo ya zamani. Mwaka 2021 tuliona pendekezo la sheria ya kuchunga urais kwa mwenye baba na mama wote ni Wacongomani. Leo ni juu, kwa rais. Kesho itashuka mupaka ku kazi ya kulinda mulango. Mutu wa katikati njo wa kwanza kuulizwa karatasi.

Kwa hiyo, vijana wenzangu, sikukuya hapa kuomba pole juu ya waandishi. Nimekuya na mambo ine yenye tunaweza kufanya sisi wenyewe, bila kungoja budget ya mutu.

Moja. Mwenye anajua kuandika, kuimba, kuchora, kutengeneza video: tukatae feza ya chuki. Ninajua njaa, siifundishwe. Lakini tukatae pamoja, si mumoja-mumoja, juu ukikataa peke yako watamupata jirani. Tuitane, tusemane nani amefikiwa na kwa nini, bila kutaja kabila.

Mbili. Audio ikiingia, tuisimamishe ku telefone yetu mupaka mutu mwenye anajulikana, wa avenyu ile, aseme kama ni kweli. Kipimo cha mambo tatu nimewapa.

Tatu. Tuandike wazee. Kila mumoja mu parseli yake ako na kambo ao jirani mwenye aliona 1961, mwenye alipanda treni mu 1993, mwenye alitolewa Gécamines. Tuulize pia wale wenye walibakia, na wale wenye waliingia mu nyumba ya mwenye alifukuzwa. Hao njo wanakaa kimya kuliko wote, na kimya yao iko na uzito. André Yav alifanya kwa mashini ya mukono. Sisi tuko na telefone.

Ine. Tuombe chumba kimoja mu kartie, cha shule ao cha parokia, siku ya posho nyuma ya saa sita, tusome kwa sauti. Kitabu kimoja kinatosha watu makumi mbili kama mumoja anasoma. Na kila mwenye analeta hadithi yake, tumupe sharti moja: ndani yake mutu wa kabila ingine akuwe na jina, akuwe na jiko, akuwe na sababu. Anaweza kukuwa mubaya. Lakini akuwe mutu.

Uchaguzi wa 2023 umepita, wa 2028 unakuya. Wale wenye wanatunga audio wamekwisha kuanza kazi, nawaambia. Sisi pia tuanze.

Nani ana haki ya kuandika hadithi ya muji huu? Kila mwenye anaikala ndani yake na anakubali kutia jina lake ku karatasi. Haiko haki ya kuombea ku komini. Mama wa hapa, muandike. Baba wa Gécamines, muandike, ao mutuite tuandike kwa mukono wetu. Na ninyi wenye mutatusoma, mutuulize kama tumeandika muzuri ao mubaya, mutuulize kama ni kweli ao ni uongo. Ile maulizo ya «uko wa wapi?», tuiachie watu wa polisi ya barrière.

 Bel-Air ni yetu wote, Lubumbashi ni yetu wote.